Mama Kavu na Pipa Lililobaki

Wasifu wa marehemu Benedicta Anselmo Chitanda (Mama Marietha), 1951–1998. Unasomwa na mdogo wake, Sesilia, nyumbani kwa marehemu, Tandika, Jumamosi tarehe 20 Juni 1998, kabla ya safari ya kwenda makaburini Kinondoni.

Baba Paroko, shemeji yangu Fransis, wazee wetu shikamooni, ndugu, majirani na waombolezaji wote. Kabla sijasoma lolote, naomba akina mama walioko uani waniwie radhi. Chakula kitachelewa. Lile pipa la buluu lililoletwa asubuhi libaki pale pale kivulini, na asilisogelee mtu isipokuwa mzee Mfaume, ambaye amekaa mbele yake na fimbo, na mzee Revelian, ambaye anakwangua rangi taratibu. Ndoo za maji zibaki huku mbele, hata kama zinatuzibia njia. Watoto wasipite.

Karatasi mlizo nazo zilipigwa chapa jana. Mtaona mstari wa mwisho umeachwa wazi. Mpiga chapa alidhani nimepitiwa, akanirudishia niangalie tena. Sikupitiwa. Tutafika huko, na mnivumilie nikisoma haraka au nikigeuka geuka kutazama nyuma.

Marehemu Benedicta alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha Mnyambe, Newala, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Anselmo Chitanda na marehemu mama Veronika. Waliotoka kule juu hawahitaji kuelezwa habari ya maji. Wengine niwaambie tu kwamba enzi hizo wanawake wa kwetu waliteremka mpaka bondeni kuyafuata, wakapanda nayo kichwani, na mama aliyejikwaa akamwaga mtungi alilia kama aliyefiwa. Maji ya kunawia uso yalioshea vyombo, yaliyooshea vyombo akapewa mbuzi. Dada alikulia hapo. Aliamini, kama sisi sote tuliolelewa na mama Veronika, kwamba hakuna shida duniani ambayo maji hayaitibu. Kitu kikiungua, maji. Mtu akizimia, maji. Ndiyo maana kazi aliyokuja kuifanya ilimsumbua sana mwanzoni, maana ilimtaka aamini kinyume.

Alisoma shule ya msingi misheni, na mwaka 1967 alichaguliwa kuingia sekondari ya wasichana Masasi, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1970. Alipenda fizikia na kemia, akachukia ushonaji. Likizo akirudi nyumbani alikuwa hatulii. Aliifungua redio ya baba, ile ya mbao, akaitandaza yote juu ya mkeka. Baba aliporudi kutoka shamba akasimama mlangoni akaitazama, asijue aanzie wapi. "Benedicta," akasema, "mtangazaji umemtoa ukamweka wapi?" Jioni ile ile redio ilisema, ila tangu siku hiyo haikuwahi kushika stesheni ya Msumbiji, na baba hakuacha kumtania kwamba Wareno amewafukuza yeye.

Alikuja Dar es Salaam mwaka 1971, akafikia kwa shangazi hapa Temeke, akafanya kazi ya ukarani kwenye kiwanda cha nguo. Tarehe 4 Mei 1974 alifunga ndoa takatifu na ndugu Fransis Liundi, fundi seremala wa Keko, mzaliwa wa Songea. Mnajua Songea kulivyo na mito. Mama mkwe alipomwona bibi arusi anaosha mchele kwa kikombe kimoja cha maji, alimwita mwanawe pembeni akamwuliza kama huyu mke ni mgonjwa. Fransis akajibu, "Mama, huyu ndiye atakayetuvusha jiji hili." Bomba la Tandika lilipokauka miaka ile, nyumba hii ndiyo iliyobaki na maji, na mama mkwe hakuuliza tena. Mungu aliwajalia watoto wawili, Marietha mwaka 1975 na Augustine mwaka 1978.

Mwaka 1979 marehemu aliajiriwa na kiwanda cha KIUMEDO, Chang'ombe, kilichotengeneza daiodi na transista za redio. Wale waliosema wanawake waliingizwa mle kwa sababu ya vidole vyembamba hawakuviona vidole vya dada yangu. Aliingia kwa sababu alifaulu mtihani. Baada ya mafunzo, mkemia wa kiwanda, mzee Revelian, alimpanga kwenye chumba ambacho wengi walikikwepa.

Niseme chumba kile kilikuwa na nini, maana ndicho kilichotukalisha hapa leo. Silikoni inatoka kwenye mchanga, lakini kabla haijawa kipande cha redio inapitia hatua nyingi, na katika mojawapo inakuwa kimiminika kinachoitwa silikoni tetrakloraidi. Ukikiona, ni maji kabisa. Hakina rangi. Lakini maji ndiyo adui yake. Kikikutana na maji kinachemka papo hapo na kutoa moshi wa asidi, moshi unaochoma macho, koo na mapafu. Hata unyevunyevu wa hewa ya pwani hii unatosha kukifanya kifuke. Wafanyakazi walikiita Bi Harusi, kwa sababu kikitoka nje tu kinajifunika shela nyeupe. Mzee Revelian aliwafundisha wote somo lile lile: kikimwagika, toka kwanza, funga kinakotoka kama unaweza, mwaga mchanga mkavu, na maji yasikaribie. Dada aliniambia kwamba mwaka wa kwanza alikuwa akiota ndoto anapewa mtungi na mama, naye anaukataa, na mama analia.

Tarehe 9 Septemba 1987 kiungo cha bomba kililegea. Dada alikuwa chumbani, amevaa barakoa ya mpira inayofunika uso mzima. Shela ikaanza kutambaa sakafuni. Mzee Mfaume, wakati huo mtunza stoo, alikuwa anapita nje. Aliona moshi. Akafanya ambalo kila mmoja wetu hapa angefanya: akakamata ndoo. Dada akamwona kwenye mlango, akapiga kelele kwa nguvu zake zote, "Usitie maji!"

Sasa sikilizeni hapa. Barakoa ilimeza mwanzo wa neno. Mfaume anasema mpaka leo, na hana sababu ya kudanganya, kwamba alichosikia ni "...tie maji!" Mtu amezingirwa na moshi, anamlilia atie maji. Angefanyaje? Akamwaga ndoo nzima.

Mfaume alipoteza jicho la kushoto. Dada alimkuta ameanguka, akavua barakoa yake akamvika yeye, akamburuta mpaka uwanjani. Hewa aliyoivuta kati ya pale na mlangoni ndiyo iliyomuua juzi. Imechukua miaka kumi na zaidi kufanya hivyo, lakini ndiyo hiyo, na sitaki mtu aseme hapa kwamba ni baridi au kwamba ni kijicho cha watu. Nimelisikia hilo jikoni tangu jana na limenichosha.

Alipotoka hospitali hakumlaumu Mfaume hata siku moja. Alilaumu neno. Alisema lugha yetu katazo lake liko kichwani, na kichwa kikikatika kinachobaki ni amri ya kufanya kile kile ulichokatazwa. Akatafuta neno jingine, fupi, ambalo hata ukilikata vipi haligeuki. Akachagua "Kavu!" Aliwafundisha kiwanda kizima. Ukiona shela, huombi, huelezi, hukatazi, unapiga kelele "Kavu! Kavu!" na kila mwenye maji anayaweka chini. Kisha akaleta neno hilo nyumbani, akawafundisha watoto wake, watoto wa jirani, kikundi cha akina mama wa jumuiya, hata wauza maji wa mikokoteni. Hapa mtaani hakuna asiyemjua Mama Kavu. Mlicheka sana. Nilicheka na mimi.

Mageuzi yalipokuja, kila duka likajaa redio za Dubai, ndogo, nzuri, za bei ya karanga. Nani angehitaji daiodi ya Chang'ombe? KIUMEDO ilifungwa Juni 1993. Mafundi wakatawanyika. Mzee Revelian alikuwa ameomba mapipa ya Bi Harusi yaliyobaki na masalio yatengwe mpaka atakapoyamaliza kwa utaratibu wake, polepole, mahali pa wazi, kwa chokaa. Yaliwekwa kando kweli. Lakini waliopewa kazi ya kufilisi kiwanda walikuwa na haraka, na Oktoba mwaka ule mapipa yakauzwa kwenye mnada pamoja na meza, viti na mafeni. Sita. Jiji halina maji, nani anaacha pipa la chuma zuri lenye kizibo?

Tangu siku aliyosikia habari hiyo, dada yangu hakukaa. Nawaambia ukweli, hakukaa. Alikuwa anakula amesimama. Unazungumza naye, macho yake yako kwenye ua wa mtu. Alijua vizuri mtu wa Dar akinunua pipa kuukuu la kuwekea maji anafanya nini kwanza: anamimina maji, analisuuza.

La kwanza walilipata Tandale sokoni, mama mmoja muuza uji alikuwa amelipaka rangi nyekundu na anatafuta fundi wa kumfungulia kizibo. Mawili yalikuwa Mabibo. Moja lilikutwa Mtoni, limegeuzwa kuwa kiti. Dada alikuwa anaingia kwa watu bila kubisha hodi sawasawa, Mfaume nyuma yake na jicho lake moja, na wengine waliwadhania wezi. Mzee Revelian alifuata na gari la kukodi na vifaa vyake. La tano hawakuliwahi. Lilikuwa Mbezi Beach, kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa. Mafundi walivunja kizibo wakatia mpira wa maji. Ilitoka shela iliyofunika msingi wote. Hakufa mtu, namshukuru Mungu, lakini mlinzi wa pale, bwana Gaspar, amekaa pale nyuma, msikilizeni anavyopumua. Dada alikuwa akimpelekea chakula mpaka alipoanguka mwenyewe.

Likabaki moja.

Hapo ndipo alipoanza habari ya misiba, na naomba niwaombe msamaha kwa niaba yake nyote mliokwazika. Wengi hapa mmefiwa katika miaka hii, na mmemwona Mama Marietha akiingia kwenu, anapita wafiwa bila kuwapa mkono, anakwenda moja kwa moja uani kwenye vyombo. Mlisema mlafi. Mlisema anachungulia kama kuna nyama. Marehemu Bi Najat wa mtaa wa pili alimwambia waziwazi, "Mama Marietha, pilau haijaiva, kaa ulie kwanza." Ukweli ni kwamba alikuwa amepiga hesabu yake. Akaniambia, "Sesi, mji huu mie siwezi kuuzungukaga wote. Lakini bomba halitoi, na kila nyumba ikifiwa watu wanaazimana mapipa. Nikienda kwenye kila msiba, iko siku litaletwa." Akishakagua mapipa yote, akikuta ni ya kawaida, ndipo anarudi mbele, anakaa mkekani, analia na wenzake. Na alikuwa analia kweli.

Mvua za El Nino mwaka jana zilimtia wazimu. Jiji zima maji mpaka magotini, na yeye anajua kuna pipa mahali limeelea. Kifua kilikuwa kimeshaharibika. Alikuwa analala ameketi, mito mitatu mgongoni, kwa sababu akilala chali hapati pumzi. Fransis alimtengenezea kiti cha kulalia huko Keko, chenye mikono mipana, na nadhani ndicho kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza. Mwezi Machi alilazwa. Akaruhusiwa, akalazwa tena mwezi Mei. Madaktari walifanya walichoweza, na tunawashukuru wauguzi wa wodi ile kwa upole wao.

Jumatano jioni nilikaa naye. Alikuwa na mpira wa oksijeni puani. Sikutegemea azungumze. Akaufungua mkono wangu, akauliza, "Wiki hii kuna msiba wapi?"

Nikamjibu, "Hakuna, dada. Watu wote wazima."

Akanikunjia uso. Alijua kila wiki kuna msiba. "Nenda kaangalie," akasema. "Limebaki moja."

Alifariki dunia kesho yake, Alhamisi tarehe 18 Juni 1998, saa nne asubuhi, Fransis na watoto wakiwa kando yake. Nilikasirika, na bado nimekasirika. Alikuwa na miaka arobaini na saba.

Yaliyobaki hayamo kwenye karatasi zenu, nimeyaandika kwa kalamu nusu saa iliyopita, kwa hiyo mnisamehe mwandiko ukinikwamisha.

Leo asubuhi maji hayakutoka, kama kawaida, na akina mama wakaomba mapipa mtaani. Bi Tunu, ambaye wote mnamjua, mwenye genge la nyanya pale kona ya sokoni, alisema analo moja la buluu. Hajawahi kuliwekea maji kwa sababu kizibo chake kiligoma, hakuna spana iliyokishika. Alilinunua mnadani akalifanya mguu wa meza ya genge, akatandika mbao juu na turubai mpaka chini. Kwa mapenzi yake kwa marehemu alivunja genge lake leo, akaondoa mbao, akawapa vijana walibebe. Marehemu alikuwa ananunua nyanya kwa Bi Tunu. Kila siku ya Mungu. Alikuwa anaegemea meza ile kupumzisha kifua chake kabla ya kumalizia njia ya nyumbani.

Vijana walipolifikisha uani wakaleta patasi na nyundo ili wang'oe kizibo. Shamimu, binti wa Bi Tunu, alikuwa ameshainua ndoo ya kwanza. Mzee Mfaume alikuwa kwenye mkeka wa wanaume kule mbele. Anasema hakuona kitu, alisikia tu. Walipolitua chini, pipa linalosemekana ni tupu lilicheza kitu ndani.

Mnajua alichofanya. Mlisikia wote. Sauti ya mzee yule sijawahi kuisikia kubwa namna ile: "Kavu! Kavu! Kavu!"

Na mimi niliona kwa macho yangu. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Shamimu akashusha ndoo. Wale wa jikoni wakashusha masufuria. Mama aliyekuwa anaosha mchele akamwondoa mtoto na beseni lake kwa pamoja. Kijana akaweka nyundo chini. Hata muuza maji aliyekuwa anaingiza mkokoteni getini akarudi kinyumenyume. Ua mzima ukakauka bila mtu kumweleza mtu. Bi Tunu akakaa chini palepale, akashika kichwa. "Jamani," akasema, "mie nilikuwa namuuzia nyanya juu ya kitu hicho hicho anachokitafuta?" Bi Tunu, shikamoo, nakuona unalia. Usilie kwa hilo. Wewe ndiye uliyemletea.

Marehemu ameacha mume, ndugu Fransis Liundi. Watoto wawili, Marietha na Augustine. Mjukuu mmoja, Anselmo. Mdogo wake mmoja, ambaye ndiye mimi. Mama mkwe, shangazi, na wifi na mashemeji wengi wa Songea na Keko. Ameacha pia mzee Mfaume, ambaye si ndugu wa damu, lakini tumemwandika kwenye orodha na tutamwacha humo.

Nilimwambia mpiga chapa aache mstari wa mwisho wazi kwa sababu kuna maneno ambayo kila wasifu huishia nayo, na nilishindwa kuyaandika. Nisingeweza kusimama hapa nikamwombea dada yangu kitu nilichojua hana. Mtu ambaye hakukaa miaka mitano, nimwambie apumzike, wakati pipa liko nje na sijui liko kwa nani?

Subirini.

Mzee Revelian ameinuka. Ameacha kukwangua. Anamwonyesha Mfaume kitu karibu na kizibo, chini ya rangi ya buluu. Mfaume ameinama na jicho lake, anasoma kwa kidole. Ni herufi za KIUMEDO.

Ndilo.

Revelian atalichukua kwa gari lake, salama, likiwa limefungwa kama lilivyofungwa. Akina mama, likishatoka getini mnaweza kuwasha majiko. Chukueni kalamu, mwenye kalamu amwazime jirani yake, na mstari ule ulioachwa wazi tuujaze wote pamoja, kwa mikono yetu, kisha tumchukue dada twende.

Apumzike. Limepatikana. Apumzike kwa amani.